Avokado kwa udongo mweusi wa Ruai

Umeuliza kama avokado na makadamia zitashika kwa hiyo robo ekari yako ya udongo mweusi huko Ruai, Nairobi. Avokado ndio, lakini usichimbe shimo ukapanda chini vile watu wengi hufanya, kwa sababu mvua ya Aprili ikianza hilo shimo linageuka beseni, maji hayana pa kwenda na mizizi inaoza. Mimi nilipoteza miche sita hivyo, ukiing'oa mzizi ni mweusi na unakatika ukiugusa tu, iliniuma sana. Siku hizi napanda juu ya tuta, unalundika udongo na samadi iliyooza vizuri hadi magotini, upana kama mita moja na nusu, mche unakaa hapo juu, halafu unafunika na nyasi kavu ila isiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Na kiangazi chungulia hizo nyasi, mchwa huzipenda.

Katikati ya miti panda mbaazi tafadhali! Inaongeza naitrojeni, inapea mche kivuli, mizizi yake inaingia ndani sana kwa huo udongo mgumu, na bado unakula. Ukikata matawi yaache hapo hapo chini yaoze.

Ukinunua avokado aina ya Hass ongeza hata aina ya Fuerte moja, maua yao hufunguka saa tofauti kwa hivyo yanasaidiana kuchavusha. Makadamia ningeacha, hiyo ni ya kule Embu na Murang'a kwenye mvua ya kutosha.