Itoe Uani Kabla Haijakauka

Miaka mitatu ya mwanzo nilichora nikiwa nimejifungia. Chumba changu cha kupanga kule Temeke kilikuwa na kitanda, jiko la gesi na kanvasi zimegeuziwa ukutani. Mtu akipiga hodi, haraka natupia kanga juu ya picha ninayoichora. Nilijiambia nitaonyesha nikishafikia kiwango. Kiwango cha nani, sikuwahi kujiuliza.

Ajabu ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa napaka maharusi hina na piko, na huko sikuwa na aibu hata chembe. Bibi harusi kanyoosha mkono, shangazi zake wamekuzunguka, kila mmoja ana lake: hapo ua limekuwa pana, hapo ongeza majani, mbona kidole cha mwisho umekionea. Unasikia, unacheka, unarekebisha, na mkono unazidi kupendeza. Nilipohamia kwenye kanvasi nikadhani sasa nimeingia kwenye sanaa yenyewe, na sanaa yenyewe hufanywa kimyakimya na mtu mmoja.

Masika moja paa likavuja. Asubuhi ilibidi nitoe kila kitu uani kianikwe, na kanvasi zikiwamo. (Kwa joto na unyevu wa Dar, kanvasi iliyoloa ukiiacha ndani huchukui muda kuona madoa ya ukungu.) Jirani yangu anayekaanga vitumbua akasimama na upawa wake mbele ya picha ya mwanamke aliyejitwika ndoo. Akaitazama, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ndoo yake tupu."

Nikamweleza kwamba ina maji, si unaona nimechora na matone? Akasema matone kayaona. "Lakini mtu mwenye maji kichwani shingo yake haikai hivyo."

Jioni ile nilikaa na kioo na ndoo ya lita ishirini. Alikuwa na haki. Miaka mitatu nimejifungia na ile shingo na sikuiona, mwenye vitumbua kaiona kabla mafuta hayajapata moto.

Ndiyo maana dada zangu mnaponiuliza mwanzie wapi, sianzi na brashi wala na mtandao. Naanza na macho. Tafuta wanawake watatu au wanne wa kuiona kazi yako ikiwa bado mbichi. Sisi tulianza wanne: mwalimu wa shule ya msingi, mfinyanzi, mmoja anayeunga vipande vya kanga kuukuu kuwa picha, na mimi. Jumamosi jioni, uani kwa mmoja wetu, kazi inaegemezwa ukutani.

Tuna sharti moja tu: mwenye kazi anyamaze kwanza, na wenzake waseme wanachokiona, siyo wanachokipenda. "Naona mwanamke amechoka" kunasaidia. "Nzuri sana shoga" ni zawadi, chukua, lakini haikufundishi kitu. Sharti hilo tuliliweka baada ya kugundua kwamba sote tulikuwa tunaomba radhi kabla kanga haijatoka kwenye picha. Samahani haijaisha, samahani rangi ziliniishia, mimi bado najifunza tu. Tumelelewa hivyo, chakula kitamu unakikaribisha kwa kusema leo chumvi haikukolea. Mgeni wa chakula anajua kwamba ni adabu. Mnunuzi wa picha anakuamini.

Tena sisi siyo wa kwanza. Mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akiwa London hakukaa kusubiri nyumba za maonyesho zimwite. Mwaka 1983 na 1985 aliandaa mwenyewe maonyesho yaliyowakusanya wanawake wasanii weusi. Tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, aliipata mwaka 2017 akiwa na miaka 63. Everlyn Nicodemus, mchoraji na binti wa Marangu, alifanya onyesho lake la kwanza hapahapa Dar mwaka 1980. Katikati ya miaka hiyo ya themanini alizungumza na wanawake Denmark, Tanzania na India, na mazungumzo yale yakawa picha. Taswira yake mwenyewe aliyoichora mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri la London, mwaka 2022. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, halafu uniambie kama kuna haja ya kukata tamaa kwa sababu picha ya juzi imependwa na watu sita tu kwenye simu.

Vifaa visikutishe. Nusu ya picha zangu ni kitambaa cha marekani cha Kariakoo kilichowambwa kwenye fremu ya fundi seremala wa Keko, kikapakwa rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao. Edward Tingatinga alianza na vipande vya ubao na rangi za kupakia baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa jina lake.

Ukishakuwa na kazi tano unazoweza kuzitetea, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni. Pako tangu 2008, wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena, na unaweza kusimama mlangoni ukamwona mtu akikosea na kurudia. Mara ya kwanza nenda mikono mitupu, ukatazame tu na kusalimiana. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, na Makumbusho ya Taifa nako hufanyika maonyesho. Siku ya ufunguzi watu wapo na wanazungumza. Mimi mara mbili nilienda, nikanywa soda pembeni, nikarudi nyumbani bila kumsemesha mtu. Ya tatu nikaenda na yule mfinyanzi, maana yeye haogopi binadamu.

Sasa la karatasi, na hili nalisema kwa uchungu. Duka moja la zawadi lilichukua picha zangu tatu kwa maneno matupu: tukiuza tutakupigia. Baada ya miezi minne nikakuta pamefungwa, simu haipatikani. Siku hizi naandika kwenye daftari la nakala: jina la kazi, vipimo, bei, fungu la muuzaji, tarehe ya kurudishiwa, na saini mbili. Halafu napiga picha ile karatasi mbele yake. Anayekasirika kwa sababu ya karatasi amekurahisishia uamuzi. Ujue pia kwamba aliyenunua picha yako amenunua picha. Haki ya kuichapa kwenye fulana bado ni yako mpaka mkubaliane vingine. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanasajili kazi, waulize utaratibu kabla ugomvi haujatokea.

Bei, kwa kifupi: panga kwa ukubwa wa kazi na gharama zako, iandike, na usiipandishe kwa sababu ya viatu vya mteja. Kupiga picha za kuweka mtandaoni, kivulini saa mbili asubuhi. Usiwashe mwanga wa simu.

Ile shingo niliifuta na kuichora upya mara nne. Ilipopata nafasi kwenye onyesho la pamoja, nilimpeleka mama wa vitumbua kwa bajaji, kavaa doti mpya. Watu walikuwa wanapita, wanatazama sekunde mbili, wanaenda kwenye vitafunwa. Yeye alisimama.

"Hapa sawa," akasema, "maji yapo." Kisha akainama kwenye pembe ya chini ya picha. "Ila huyu mama na mzigo wote huu anaelekea wapi? Mbona hujamwekea mlango?"

Nauchora sasa hivi, kwenye kanvasi nyingine. Iko uani, na tayari ameshaniambia bawaba ziko upande usiofaa.