Maswali ya Wasomaji: Dino Zoff alidumuje langoni hadi miaka 40?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni kwetu kumezuka ubishi kuhusu Dino Zoff, kipa wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba siku hiyo alikuwa na miaka 40, na kwamba utotoni alikataliwa na klabu kubwa kwa sababu ya ufupi. Wengine tunaona hizo ni chumvi za washabiki. Tunaomba ufafanuzi, na mtueleze pia kama lipo kombe kubwa lililomponyoka.

JIBU: Mwenzenu yuko sahihi kwa yote mawili. Zoff alizaliwa tarehe 28 Februari 1942 katika kijiji cha Mariano del Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, na fainali ya Madrid, ambayo Italia iliifunga Ujerumani Magharibi mabao 3-1, ilichezwa tarehe 11 Julai 1982. Alipofika miaka 14, Inter na Juventus zilimpima na kumrudisha nyumbani kwa kuwa alikuwa mfupi mno. Bibi yake, Adelaide, akaamua kumlisha mayai manane kwa siku. Iwe ni mayai au ni umri tu uliotimia, kijana alirefuka hadi mita 1.82, kimo ambacho hata hivyo makipa wengi wa leo wangekiona cha kawaida sana.

Njia yake ya kupanda ilikuwa ndefu. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Italia, Serie A, aliichezea Udinese mwaka 1961 dhidi ya Fiorentina, na akafungwa mabao matano. Alipita Mantova, kisha Napoli, na ni mwaka 1972 tu, akiwa na miaka 30, ndipo Juventus ile ile iliyomkataa ilipomsajili. Katika umri ambao wachezaji wengi huanza kuhesabu misimu iliyobaki, yeye ndipo alipoanza kuvuna: akatwaa ubingwa wa Italia mara sita na Kombe la UEFA la mwaka 1977, huku akicheza mechi 332 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja.

Alidumuje? Kwa maoni yetu, siri ilikuwa katika namna alivyosimama. Zoff hakuwa kipa wa kurukaruka ili kuwafurahisha watazamaji. Aliusoma mchezo mapema na kujipanga mahali ambapo mpira ungefika, kiasi kwamba mikwaju mingi ilionekana kama imepigwa makusudi kuelekea mikononi mwake. Kipa wa namna hiyo haumizi mwili wake ovyo. Kati ya Septemba 1972 na Juni 1974 aliilinda timu ya taifa kwa dakika 1,142 bila nyavu zake kutikiswa, na katika kipindi hicho Italia iliifunga Uingereza mara mbili, Turin na Wembley. Aliyeivunja rekodi hiyo hakutarajiwa na yeyote: Emmanuel Sanon wa Haiti, aliyewapita mabeki, akamzunguka kipa na kufunga, ingawa Italia ilishinda 3-1.

Hata hivyo, msidhani alisifiwa siku zote. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1978 alifungwa na Uholanzi na Brazili kwa mikwaju ya mbali, na magazeti ya kwao yakaandika kwamba amezeeka na macho yake yamechoka. Kocha Enzo Bearzot hakumwacha. Miaka minne baadaye, wachezaji walipogoma kuzungumza na waandishi wa habari nchini Hispania, nahodha Zoff, mtu aliyejulikana kwa ukimya, ndiye aliyeachiwa kazi ya kuisemea timu.

Mkitaka kumwelewa, tazameni dakika za mwisho za mechi ya tarehe 5 Julai 1982 mjini Barcelona. Italia ilikuwa ikiongoza Brazili mabao 3-2, na sare ingewatosha Wabrazili kuingia nusu fainali. Mpira wa adhabu ulipigwa kutoka pembeni, beki Oscar akaupiga kichwa kwa nguvu kuelekea chini, na Zoff akalala na kuubana juu ya mstari wenyewe. Wabrazili waliinua mikono wakidai limeingia, lakini hakuutema wala kuuvuta. Aliushikilia pale pale, ili mwamuzi aone ulipokomea. Wengi husifu mabao matatu ya Paolo Rossi siku hiyo, na ni haki yake, ila bila mikono ile mabao hayo yangeishia katika sare.

Kuhusu kombe lililomponyoka, ni lile la Klabu Bingwa Ulaya. Alifika fainali akiwa na Juventus mwaka 1973 dhidi ya Ajax mjini Belgrade, na tena mwaka 1983 dhidi ya Hamburg mjini Athens, na zote mbili akafungwa bao moja kwa bila. La pili ni mkwaju wa mbali wa Felix Magath. Baada ya msimu huo alistaafu, akiwa na miaka 41. Gianluigi Buffon, aliyekuja kulilinda lango hilo hilo la Juventus, naye alipoteza fainali tatu za kombe hilo, za mwaka 2003, 2015 na 2017.