Kabla hujasema mtandao wako unafanana na ubongo

Modeli yako, yaani mtandao wa neva bandia wa kompyuta, imetabiri miitiko ya seli za neva za ubongo kwa picha, kwa korelesheni (kipimo cha kulingana, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu) ya 0.52, na tayari unataka kuandika kwamba inaona kama ubongo unavyoona. Subiri kwanza. Namba hiyo haisemi kitu mpaka ujue ingeweza kufika wapi.

Picha ileile ikionyeshwa mara 20, seli haiitikii sawasawa kila mara. Basi yagawe marudio hayo mafungu mawili ya 10, tafuta wastani wa kila picha katika kila fungu, kisha pima korelesheni kati ya mafungu. Tuseme umepata 0.6. Hiyo ni ya nusu ya data. Kanuni ya Spearman-Brown, 2r/(1+r), inayokadiria uthabiti wa data nzima kutokana na korelesheni r ya nusu zake, inakupa 0.75 kwa marudio yote. Kipeuo chake cha pili, takriban 0.87, ndiyo dari yako, yaani alama ya juu kabisa ambayo modeli ingetarajiwa kufikia. Gawanya 0.52 kwa 0.87, unapata 0.60. Rudia mgawanyo kwa nasibu mara nyingi, maana mmoja tu unaweza kukudanganya. Seli ambazo uthabiti wake unakaribia sifuri ziondoe kabla hujaigusa modeli, na kigezo ulichotumia ukiandike. Ukizibakiza, dari yao ndogo itazaa alama zinazopita 1.

Tatizo la pili ni modeli kukariri, pamoja na uvujaji wa data, yaani taarifa za data ya majaribio kupenya kwenye mafunzo. Tabaka moja la mtandao linaweza kutoa sifa 100,000 ilhali picha ulizo nazo ni 2,000. Regresheni ya kawaida, inayounganisha sifa hizo na miitiko ya seli, hapo itakariri tu. Tumia regresheni ya riji, inayoadhibu uzito mkubwa, na kiwango cha adhabu kichaguliwe ndani ya data ya mafunzo pekee. Ukipunguza sifa kwa PCA, mbinu ya kuzifupisha sifa nyingi kuwa chache, nayo ikokotolewe kwa picha za mafunzo tu. Kwa rekodi za video, usichanganye sekunde kwa nasibu: sekunde jirani zinafanana mno, kwa hiyo tenga vipande virefu na uache pengo katikati.

Kipimo kinachorukwa sana, na ambacho sisi tunakithamini kuliko vyote, ni mtandao wa muundo uleule ambao haujafunzwa kabisa. Mara nyingi nao hupata alama za kushangaza. Ukipata 0.45 pale uliofunzwa unapopata 0.60, unachoweza kukihusisha na mafunzo ni ile tofauti ya 0.15 tu. Anzisha mitandao mitano au zaidi kwa mbegu tofauti za nasibu uone kama tofauti hiyo inasimama.

Mwaka 2014, Yamins na wenzake walionyesha kwamba modeli zinazotambua vitu vizuri zaidi hutabiri vizuri zaidi seli za gamba la IT la nyani, sehemu ya ubongo inayohusika na kutambua vitu. Leo mitandao mingi yenye miundo tofauti kabisa hupata alama zinazokaribiana, kwa hiyo kushindania nukta ya tatu ya desimali hakutufundishi ubongo. Linganisha na nadharia ya dopamini, iliyoelezwa na Schultz, Dayan na Montague mwaka 1997, inayosema kwamba seli za dopamini huashiria tofauti kati ya zawadi iliyotarajiwa na iliyopatikana. Ina nguvu kwa sababu inathubutu kutabiri jambo linaloweza kukanushwa: zawadi iliyotarajiwa isipokuja, ufyatuaji wa seli lazima ushuke, tena wakati uleule zawadi ingefika. Ndivyo seli zinavyofanya.

Kwa hiyo chukua modeli zako mbili bora, tafuta picha ambazo zinatabiri miitiko inayopingana, na hizo ndizo za kupeleka maabara.