MK-52 yangu inasahau programu: kumbukumbu imekufa?

SWALI: Habari, fundi. Nakusanya kalkuleta za zamani, na juzi nimepata Elektronika MK-52 ya Kisovieti. Hesabu inapiga vizuri, programu nikiiandika inafanya kazi. Lakini nikiihifadhi, nikazima na kuwasha, inayorudi ni vurugu tupu. Nimrudishie muuzaji?

JIBU: Usiirudishe bado. Dalili unazoeleza mara nyingi hutokana na swichi na mpangilio wa hatua, chipu haina kosa.

MK-52 ilitoka miaka ya 1980. Kwa hesabu ni ndugu wa MK-61, kalkuleta nyingine ya Kisovieti: hatua 105 za programu, rejista 15 (visanduku vya kuwekea namba), na mtindo ule ule wa kutanguliza namba kisha alama. Tofauti yake kubwa ni chipu ya baiti 512 inayoshika data bila umeme. Chipu hiyo haiandikiki juu ya maandishi ya zamani. Lazima ufute kwanza. Anayeruka kufuta anapata mchanganyiko wa programu yake na ya mmiliki aliyetangulia, na nadhani hicho ndicho unachokiona.

Anza na betri nne mpya za AA, za alkalini. Za kuchaji hutoa volti 1.2 tu kila moja, na kuandika kwenye chipu hii kunataka umeme ulioshiba. Springi zikiwa na ukungu wa kijani, zisugue kwa spiriti kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa andika programu fupi ya majaribio kwa vitufe hivi: В/О, F ПРГ, F x², С/П, F АВТ. Bonyeza 7, В/О, С/П. Ikitoka 49, endelea. Swichi yenye herufi Д na П iweke П, yaani programu. Ikiwa Д, unahifadhi rejista, na hapo hata ufute mara ngapi programu haitaonekana.

Andika 1000098 kisha А↑. Tarakimu ya kwanza haina maana yoyote, nne zinazofuata ni anwani (mahali pa kuanzia ndani ya chipu), mbili za mwisho ni idadi ya hatua. (Ndiyo, ni 98, si 105. Hatua saba za mwisho hazihifadhiki. Waliobuni walituachia hilo.) Swichi ya pili iweke С, bonyeza ↑↓: umefuta. Andika tena anwani na А↑, sogeza swichi hadi З, bonyeza ↑↓: umeandika. Zima, subiri kidogo, washa. Anwani tena, А↑, swichi kwenye Сч, kisha ↑↓. Jaribu 7. Ukipata 49, kumbukumbu ni nzima.

Usishangae ikiwa programu ulizozikuta ndani hazieleweki. Kiwanda kiliahidi saa 5000 tu za kutunza data bila umeme, kama miezi saba, na kalkuleta hii imelala kabatini miaka mingi.

Jaribio likishindikana hata kwa betri mpya, chipu yenyewe ina shaka. Hapo unayo MK-61 yenye umbo la MK-52, na MK-61 iliuzwa rubli 85 wakati MK-52 ilikuwa 115. Mwombe muuzaji apunguze kwa uwiano huo, kisha ubaki nayo. Kama anadai bei ya juu kwa sababu “ilienda angani”, ni kweli MK-52 moja ilipanda na chombo cha angani Soyuz TM-7 mwaka 1988 kama akiba ya kukokotoa njia ya kutua. Yako si hiyo.