Kila Unachoongeza Kina Deni: Kwa Anayeandaa Gari la Zamani kwa Mbio za Ridhaa

Ukinunua gari la michezo lililokwisha kula miaka 30 kwa nia ya kuliingiza kwenye mbio za ridhaa, wa kwanza kukutana nawe atakuuliza habari za nguvu za injini. Swali hilo liweke pembeni. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na mizani yake: breki zilitosha kwa tairi zake, oili ilitosha kwa kona ambazo tairi hizo ziliweza kuzihimili, na rejeta ilitosha kwa dereva anayekanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde chache kisha anaachia. Ukigusa kimoja, umehamishia mzigo kwa kingine. Tairi zinazoshika zaidi huidai oili. Injini yenye nguvu zaidi huzidai breki. Ufundi wote wa gari la mbio, kwa ninavyouona mimi, ni kujua deni limehamia wapi kabla halijajilipa lenyewe.

Kabla hujanunua hata boli moja, soma kanuni za daraja unalotaka kushindania, zisome mpaka mwisho. Ndizo zinazosema utumie tairi gani, gari lisipungue uzito gani, na kama unaruhusiwa kugusa sampu (bakuli la oili chini ya injini) au la. Kizimba cha mabomba, kinachomlinda dereva gari likipinduka, ndicho kinachowaponza wengi. Kwa kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la michezo ya magari), kwa mfano, upinde mkuu unaopita nyuma ya dereva unatakiwa uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, la kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Ukimpa mchomeleaji bomba lolote lililokuwapo karakana, mkaguzi atakurudisha nyumbani, na kizimba hakikatwi kikaunganishwa upya kama bomba la maji.

Kisha ujue ugonjwa wa gari lako. Hakuna gari la zamani lisilo na wake, na waliokutangulia wameshaulipia. Porsche 944 mkanda wake wa taimingi ukikatika, valvu hugonga pistoni. Na mbioni beringi ya koni rodi (mkono unaoshika pistoni) ya silinda ya pili ndiyo hutangulia kufa kwa kukosa oili. Mazda MX-5 za mwanzo kabisa, zilizoanza kuuzwa 1989, zina krenkishafti (shafti kuu ya injini, au krenki) yenye pua fupi: boli ya puli ikilegea, ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoifunga puli na krenki, hula mfereji wake na krenki nzima inakuwa ya kutupwa. BMW za umbo la E46 hupasuka sakafu ya nyuma pale fremu ndogo inayobeba mfumo wa magurudumu ya nyuma inaposhikia. Haya hayazuii kununua. Yanakuambia uchunguze wapi ukiwa na tochi, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Pima msukumo (kompresheni) wa kila silinda. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya silinda: silinda moja ikiachwa mbali na wenzake, unanunua kazi ya kufungua injini. Angalia kutu kwenye viungo vya chesisi na pale viti vinapofungwa, kwa sababu kiti na mikanda ya mbio haviwezi kuwa imara kuliko sakafu inayovishika.

Sasa lirudishe gari kwenye afya yake. Badilisha bushi zilizokufa, boljointi, beringi za magurudumu, mipira ya maji, mafuta ya gia na ya difu. Najua hii ndiyo sehemu isiyo na raha, hakuna anayepiga picha ya bushi mpya. Lakini gari lenye bushi laini hubadilika tabia katikati ya kona, na dereva wake atalaumu springi, atalaumu tairi, atanunua shokapu za bei, na tatizo litabaki palepale.

Breki ndizo ningependa uzielewe kuliko kitu kingine chochote. Nishati ya gari linalokimbia hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Gari la kilo 1,000 linaposhuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72 ili kuingia kona, diski zinameza zaidi ya megajuli moja, joto la kutosha kuchemsha takribani lita tatu za maji yaliyokuwa nyuzi 20. Hiyo ni kona moja. Mzunguko mmoja unaweza kuwa na kona tano za namna hiyo, na baada ya dakika mbili unazirudia tena.

Joto hilo lina njia mbili za kukuumiza, na inafaa uzitofautishe kwa mguu. Pedi zikipita joto lake, pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama mpaka sakafuni, kwa kuwa sasa unabana mvuke. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Ndiyo maana gari linalosimama vizuri kabisa barabarani linaweza kukosa breki kwenye mzunguko wa nne. Weka mafuta ya mbio yanayohimili zaidi ya nyuzi 300, toa upepo kwenye mfumo wa breki kabla ya kila tukio, na usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. (DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo ni ya jamii moja na DOT 4. Soma kopo kwa makini.)

Baada ya mafuta, nunua pedi za mbio, kisha peleka hewa katikati ya diski kwa bomba linalotoka kwenye bampa. Kalipa kubwa, yaani vyombo vinavyobana pedi kwenye diski, zisubiri. Nimeona magari mengi mepesi yakimaliza mbio ndefu kwa kalipa za kiwandani, pedi nzuri na hewa ya kutosha, na nimeona kalipa za kifahari zikiishia kuyumbisha uwiano wa breki za mbele na nyuma mpaka gari likawa gumu kuliamini. Pedi mpya zipashe moto taratibu kwa kubana mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha ziache zipoe. Na ukitoka uwanjani usivute hendibreki: liendeshe gari polepole kwanza lipoe, likisimama weka gia na kizuizi cha gurudumu.

Deni la tairi linakuja kimyakimya. Ukifunga tairi laini za mbio, gari huweza kugeuka kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe. Kwa kiwango hicho, uso wa oili ndani ya sampu unalala kwa pembe ya digrii 45. Oili inapanda ukuta, mdomo wa pampu unanyonya hewa, na beringi za koni rodi zinabaki bila utando wa kuzitenganisha na krenki. Sekunde moja kwenye kona ndefu inatosha kuanza kuzikwangua, na injini haitakufa siku hiyo. Itakufa wiki mbili baadaye kwenye njia iliyonyooka, na wewe utadhani ni bahati mbaya.

Kwa hiyo tairi laini na vizuizi vya oili ndani ya sampu vinunuliwe siku moja. Jaza oili mpaka alama ya juu. Funga geji ya kweli ya presha, kwa kuwa geji za kiwandani za magari kadhaa zimefanywa zisionyeshe mabadiliko makusudi, sindano inakaa katikati hata presha ikishuka. Muhimu zaidi, weka taa nyekundu kubwa mbele ya macho: katikati ya kona hakuna anayesoma sindano. Upande wa joto, oili ikicheza kati ya nyuzi 100 na 120 usihangaike. Ikipita 130, punguza mwendo, na panga kufunga kipoza oili.

Rejeta mpya peke yake haisaidii kama hewa inaikwepa. Hewa hupita penye upenyo mwepesi, hivyo ziba kwa bati kila mwanya kati ya bampa na rejeta. Badilisha na kofia ya rejeta, kitu kidogo hicho ndicho kinachoshikilia presha inayozuia maji yasichemke mapema. Viwanja vingi vinakataza kipozeo chenye glaikoli kwa sababu kikimwagika lami inateleza. Tumia maji na dawa ya kuzuia kutu, na penye baridi ya kugandisha yamwage gari likilazwa.

Kuna badiliko moja tu ninalolijua lisilohamisha deni: kupunguza uzito. Breki zinapumzika, tairi zinadumu, beringi zinashukuru. Toa viti vya abiria, zulia, lami ya kuzuia kelele, spika. Usiguse chuma kinachobeba mwili wa gari.

Kwenye springi na shokapu nitasema machache. Usilishushe gari kupita kiasi. Kwenye miguu ya mbele ya aina ya MacPherson, ambayo shokapu na springi ni mguu mmoja, mikono ya chini ikishaelekea juu, gari hulala zaidi konani ingawa limeshuka, na usukani huanza kujivuta kwenye matuta. Anza na kemba hasi (gurudumu juu likiinamia ndani) ya digrii 2 hadi 3 mbele, kisha pima joto la tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje, mara tu unapoingia kituoni. Katikati kukiwa na joto kuliko pembeni, upepo umezidi. Ubavu wa nje ukiungua, ongeza kemba. Badilisha kitu kimoja kwa kila awamu, ukiandike. Tairi zilizotumika zikaguliwe tarehe: tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na mpira huo umeshakuwa mgumu hata kama kashata zake ni nzima.

Mwili wako. Helmeti iwe ya daraja la Snell SA, la mbio za magari, ambayo hupimwa moto. Ile ya pikipiki ya daraja M haipimwi. Kifaa cha kushikilia shingo hakina mjadala, kwa kuwa mikanda ya mbio hubana kifua imara na kukiacha kichwa kiende peke yake. Gari lenye kizimba usiliendeshe barabarani bila helmeti, bomba hilo liko karibu na kichwa kuliko unavyodhani. Na swichi ya kukata umeme lazima izime injini pia: ukikata betri tu, altaneta inaweza kuendelea kuilisha injini.

Injini yenyewe iache mpaka umalize msimu ukiwa na gari linalomaliza mbio. Siku ya tukio, beba hosi za akiba, mkanda wa feni, mafuta ya breki yaliyofungwa, beringi moja ya gurudumu la mbele, waya, na spana ya kupimia nguvu. Chora mstari wa rangi kwenye kila nati muhimu ili ikilegea uione kwa jicho. Baada ya awamu ya kwanza acha rimu zipoe, kisha kaza nati zote upya kwa kipimo cha kiwanda, hata kama ulizikaza asubuhi.