Mbwa kulala chali si ugonjwa: weka sindano chini

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Bwiru, nina mbwa aina ya baseti haundi, dume la miaka 3. Mchana kutwa amelala chali miguu juu, au amejimwaga sakafuni miguu ya nyuma ameitandaza kama chura. Usingizini anatetemeka na kulialia. Kijana wa duka la dawa za mifugo anasema ni homa ya kupe, nimpeleke achomwe OTC (sindano ya antibiotiki ya oksitetrasiklini), na nimpe diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Diklofenaki usimpe, hata robo kidonge.

Huyo mbwa wako ana kilo 20 hadi 30 juu ya miguu ya shubiri. Hawezi kujishusha taratibu kama mbwa mwingine, anajibwaga tu. Tena jasho la kumpoza mwilini hana, anapoa kwa kuhema. Jua la saa saba likiwaka, hugeuza juu tumbo lenye manyoya haba, au hubandika mapaja kwenye sakafu ya baridi. Mbwa wengi hapa Mwanza hulala hivyo hivyo juu ya mawe yaliyo kivulini. Kutetemeka ni ndoto. Msimtikise, anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani.

Kinachonichosha ni watu kumpima mbwa kwa namna alivyolala. Mtazame anavyoamka! Akiitwa akaja na bakuli akalimaliza, mwacheni alale. Mbwa mzima hulala hata saa 12 kwa siku. Ninayemwogopa ni yule asiyetulia: analala, anainuka, analala tena, tumbo limevimba kama ngoma, anajikamua kutapika na hakitoki kitu. Huyo tumbo lake huenda limejipinda, na saa chache tu zinatosha kumuua.

Mgongo nao una dalili zake: anapiga kelele akinyanyuliwa, anaburuta miguu ya nyuma, anagoma kupanda ngazi. Diski za uti wa mgongo wa baseti huchakaa mapema kwa sababu ya urithi ule ule uliomfupisha miguu. Dawa ya maumivu bila kufungiwa apumzike humpa ujasiri wa kuruka, na diski iliyokuwa inavimba inapasuka kabisa. Wa kwako hana hata dalili moja. Ila mpunguzieni ugali na mapanki (mabaki ya sangara), maana kila kilo inayozidi inabebwa na mgongo huo.

Homa ya kupe ipo, tena nyingi. Lakini inaonekana kwenye damu, haionekani kwenye mkao wa kulala. Mbwa anakataa chakula, joto linapita nyuzi 39.2, fizi zinapauka. OTC ya sindano moja haiwezi kuchukua nafasi ya dozi ya vidonge vya siku 28 tunayompa mwenye erlikia (bakteria wa kupe), na kama ni babesia (kimelea cha kupe kinachoishi kwenye damu) inahitaji dawa nyingine kabisa. Mtu anayechoma sindano bila kupima anauza chupa yake, basi.

Nimepokea mbwa wengi wanaotapika damu nyeusi kama majani ya chai, figo zimeshindwa, na mwenye mbwa ananiambia alimpa "ya maumivu tu" iliyobaki kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu humchubua mbwa tumbo na kumharibu figo, na mdogo kwa umbo huumia kwa kipande kidogo sana. Kama mmeshampa, msisubiri atapike. Mleteni leo hii, na pakiti ya vidonge mje nayo nihesabu vilivyopungua.