Mchumba anataka nitie sahihi mkataba kabla ya harusi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31 na nina duka la vipodozi hapa Nakuru. Harusi yetu ni Desemba na mahari ilishapelekwa kwetu. Juzi mchumba wangu ameniletea mkataba kutoka kwa wakili wake. Unasema sitadai chochote katika mali yake, "iliyopo na itakayopatikana baadaye". Ana nyumba za kupangisha Ruiru, na tumekubaliana nikiolewa nifunge duka nihamie huko nizisimamie. Mama anasema mwanamume anayepanga talaka kabla ya ndoa hafai. Mimi nampenda. Nitie sahihi?*
*Njia Panda, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. Mkataba huo usiutie sahihi. Lakini kijana wa watu usimwache kwa sababu yake.

Uchungu wa mama yako nauelewa, ila hapa simuungi mkono. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wachumba kuandikiana mkataba wa mali, na mtu aliyejenga nyumba kwa jasho lake kabla hajakujua ana haki ya kutaka zibaki zake. Hata msipoandikiana chochote, sheria hiyo haizihesabu mali za kabla ya ndoa kuwa mali ya ndoa.

Kinachonichoma ni hilo neno "itakayopatikana". Unafunga duka linalokulisha, unahamia Ruiru, unakusanya kodi, unahangaika kumtafuta fundi saa tatu usiku choo cha mpangaji kimeziba, unazaa na kulea. Baada ya miaka kumi kodi hizo zimenunua ploti nyingine, na karatasi inasema huna chako. Sheria haikutazami hivyo. Inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango, si fedha peke yake. Hata mali ikiwa ni yake mwenyewe, ukichangia kuiboresha unapata haki kwa kadiri ya ulichochangia. Hayo yote unaombwa uyaachilie kwa sahihi moja!

Utaambiwa korti inaweza kuufuta mkataba. Ni kweli, kama kulikuwa na ulaghai, shuruti au dhuluma ya wazi. Lakini utakayehangaika kuthibitisha ni wewe, na wakati huo duka huna. Wala usidhani bila mkataba utapewa nusu. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba hauleti mgawo wa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja anaonyesha alichochangia. Ndiyo maana nataka uwe na mkataba, ila uwe wenu wote wawili.

Tafuta wakili wako, asiwe huyo wa mchumba. Nyumba za sasa zibaki za mwenyewe. Mtakachonunua baada ya harusi kiandikwe kitagawanywa vipi, na mkinunua ardhi pamoja, hati itoke kwa majina yote mawili. Kazi yako Ruiru ilipwe, iwe mshahara wa kila mwezi au fungu la kodi, na iandikwe. Akiba yako ya chama ibaki yako. Naye akuonyeshe madeni yake, kama unavyomwonyesha yako. Tena ningekuwa wewe, hilo duka nisingelifunga. Ningempa mdogo wangu alishike kwanza.

Zungumza naye wiki hii, mkiwa wawili tu, kamati ya harusi isiwepo. Mwambie: "Nyumba za Ruiru ni zako, sina neno. Lakini kazi yangu nayo ihesabiwe." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda hata yeye hakuitafakari sentensi ile. Akikubali ibadilishwe, rudini kwa mawakili mapema, msingoje wiki ya harusi. Akisema ni sahihi hiyo au hakuna ndoa, ahirisha harusi, na mama yako umweleze wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na watu wa kamati.